Kundi la Ukoo: Watoto Wapandishiwe Doh

IJUMAA JIONI

Mama Mapacha: Shikamooni Baba na Mama. Habari za jioni wana ukoo. Mapacha wamerudi kutoka mazoezini sasa hivi, huyu wa kike sauti imemkauka, anaongea kwa kunong'ona. Wifi, kulikoni huko kwenye kwaya yako ya watoto? Na Jumapili ya Watoto ndiyo keshokutwa!

Bibi: Marahaba mwanangu. Mpe maji anywe kidogokidogo, alale mapema. Maskini mjukuu wangu.

Shangazi: Pole wifi. Asinong'one, kunong'ona nako kunachosha koo. Anyamaze tu, achore picha, alale. Kesho asubuhi nitampasha sauti taratibu, na akiwa bado amekauka atasimama asikilize wenzake.

Shangazi: Kilichotokea ni hiki. Leo wazazi wengi walikuja kusikiliza mazoezi. Mpiga kinanda akashusha wimbo hadi Doh, ile nota ya msingi ya wimbo, ikawa C ya kinanda, ili wazazi nao waimbe. Ubeti wa pili watoto wakaanza kunguruma, mishipa ya shingo imewatoka. Nilisimamisha tukarudi kwenye ufunguo wetu, yaani Doh yetu ya juu, ila walikuwa wameshajikaza vya kutosha.

Baba Mapacha: Dada, hapo sijaelewa. C si ndiyo rahisi? Mimi nikiimba juu ndipo ninapoumia. Nikishuka napumzika.

Shangazi: Wewe ni mwanaume mzima kaka yangu. Nyuzi za sauti za mwanaume ni ndefu, kati ya milimita 17 na 25. Za mwanamke ni kama 12 hadi 17. Za mtoto ni fupi kuliko hizo zote, na uzi mfupi unatetemeka haraka, ndiyo maana sauti yake iko juu. Pale unapopumzika wewe, mwanao hana nota.

Shangazi: Chukua wimbo wetu wenyewe. Kwa herufi za sol-fa (d r m f s l t, d ndiyo Doh), unashuka hadi s ya chini, unapanda hadi m. Doh ikiwa C, ile s inaangukia G iliyo chini ya C ya kati, ile ya katikati ya kinanda. Mtoto wa miaka 6 utamsikia anaongea tu pale, au anapiga kelele ili asikike. Pandisha Doh iwe F: s ya chini inakuwa C ya kati, m inakuwa A. Hapo wimbo mzima uko ndani ya sauti ya mtoto, anaimba hata akiwa anacheza.

Baba Mapacha: Sasa nimekupata. Kumbe ndiyo maana wakiimba wenyewe uani wanaanzia juu kabisa, mimi nawaambia shusheni!

Shangazi: Usiwashushe jamani. Waache. Sikio lao linawapeleka mahali pao.

Babu: Mwanangu amesema kweli tupu. Miaka yote niliyofundisha kwaya nilikuwa nawaambia wazee wa kanisa: ibada ya watoto, Doh ni ya watoto. Watu wazima wakishindwa, wakae wasikilize. Wimbo unakatwa kwa kipimo cha mtoto kama shati la shule.

Bibi: 🙏🙏 Mwalimu wa kwaya ameamka huyo.

Baba Mkubwa: Samahanini, niingize la kwangu. Kijana wangu anasema Jumapili hataki kwenda mbele. Mwaka jana ndiye aliyeanzisha wimbo peke yake, kanisa zima likasimama. Sasa ana miaka 13, sauti inakatika katikati, inaruka juu, inaanguka. Jana wenzake wamecheka. Amejifungia chumbani.

Mama Mkubwa: Na mimi sijui nimwambie nini. Nikisema "itapita", ananiambia "Mama, Jumapili ni keshokutwa".

Bibi: Mpeni simu niongee naye.

Babu: Ngoja Mama, nianze mimi. Baba Mkubwa, msomee haya akiwa amekaa.

Babu: Mjukuu wangu, palikuwa na mtoto anaitwa Joseph Haydn, kazaliwa mwaka 1732 huko Austria. Alichukuliwa mdogo akaimbe kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna. Sauti yake ilipovunjika wakamwondoa kwaya, mwaka 1749. Hakuwa na kazi wala pa kulala pa uhakika. Akawa anafundisha watoto muziki ili ale, anapiga muziki barabarani, anasoma utunzi usiku. Huyo huyo ndiye aliyekuja kutunga simfoni, zile tungo kubwa za okestra, zaidi ya 100, na leo wanamuziki wanamwita baba wa simfoni. Waliomtoa kwaya walifikiri hana tena cha kuimba. Sisi hatukutoi.

Shangazi: Amina Baba. Na mimi namwongezea. Mwanangu, koromeo lako linakua, nyuzi zinarefuka, na misuli bado haijazoea urefu mpya. Ndiyo maana sauti inateleza. Kwa wavulana sauti hushuka karibu oktava nzima, yaani kutoka d ya juu hadi d ya chini, wengine kwa miezi michache, wengine kwa mwaka na zaidi. Hujaharibika popote.

Shangazi: Na sikukuacha nje. Niliposikia wiki iliyopita jinsi unavyoongea nilikuandikia mstari wako. Una nota tano tu: d r m f s, s yake ikiwa C ya kati. Hakuna kuruka, hakuna kushuka zaidi ya hapo. Wadogo wanaimba juu, wewe unawabeba chini. Bila mstari huo kiitikio kinaelea hewani.

Shangazi: Tena wewe ndiye msomaji wa Zaburi.

Baba Mkubwa: Nimemsomea yote. Amenyamaza. Halafu ameuliza: "Huyo Haydn alikuwa na miaka mingapi walipomtoa?"

Babu: Kumi na saba. Mwambie yeye ametangulia kwa miaka minne.

Mama Mkubwa: Amecheka!! Mlango umefunguka. Asante Baba, asante wifi.

JUMAMOSI

Baba Mdogo: Wapendwa habari za asubuhi. Nipo kanisani na mitambo. Naomba wazazi mniambie: watoto wangapi watashika maiki mkononi?

Shangazi: Hakuna hata mmoja kaka wa mitambo 😊 Ukimpa mtoto maiki ataimeza, na aliye pembeni yake atapiga kelele ili na yeye asikike.

Baba Mdogo: Ndivyo nilivyotaka kusikia dada. Naweka mbili za kusimama, moja kila upande, juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na midomo ya watoto, la sivyo zinachukua sauti ile ile na zinaharibiana. Spika zinakaa mbele zaidi, zinawatazama waumini. Spika ikitazama maiki tu, inapiga mluzi na watoto wadogo wanaziba masikio badala ya kuimba.

Baba Mdogo: Ya msomaji ni peke yake, nimeipima kwa kimo cha kijana wetu. Kakua huyu! Nimeinua stendi mara mbili.

Shangazi Mdogo: Shikamooni wazazi. Nawasoma tangu jana huku mbali, nimelia kwenye basi. Nitaonaje kesho? Nirushieni hata kwa simu.

Baba Mdogo: Nitakupigia kwa video, simu itakaa kwenye meza ya mitambo.

Mama Mapacha: Wifi, la mapacha. Wa kike sauti imerudi, tumshukuru Mungu. Wa kiume ndiye huyu: mazoezi yote hafungui mdomo. Anafanya zile ishara za mikono za kuonyesha nota tu. Mwalimu wa Shule ya Jumapili ameniambia labda akae na mimi kwenye benchi ili asiwavurugie wenzake.

Shangazi: Asiondoke mstarini. Umeangalia anavyofanya zile ishara? Ngumi kwenye usawa wa kiuno kwa d, kiganja kikalala kwa m, kidole kikaelekea juu kwa t. Hakosei hata moja. Mtoto huyo anasikia kila nota kichwani mwake. Nimewaweka wawili wanaoyumba nyuma yake, wamfuate mikono.

Babu: Mama Mapacha, hizo ishara zina historia nzuri. Mwaka 1841 walimu wa Shule ya Jumapili walikutana Hull, Uingereza, wakamwagiza mchungaji mmoja, John Curwen, atafute njia nyepesi ya kufundisha kuimba. Hakuanza na karatasi tupu. Palikuwa na mwalimu, Sarah Glover wa Norwich, ambaye tayari alikuwa amebuni mfumo wa herufi za sol-fa kwa wanafunzi wake. Curwen akauchukua, akauendeleza, baadaye akaongeza ishara za mikono. Kwa hiyo sol-fa hii tunayoimbia sisi sote ilikuzwa kwa ajili ya watoto wa Jumapili kama huyo wako. Ana haki ya kusimama pale kuliko mtu yeyote.

Mama Mapacha: Baba, umenitoa machozi. Anasimama.

Bibi: Asimame. Na fulana ya ndani avae, kanisani asubuhi kuna baridi.

Mama Mkubwa: Mpango wa kesho ukoje ili tuwahi?

Shangazi: Ibada ya asubuhi watoto wanaimba mara moja tu, baada ya somo la pili. Alasiri ndilo tamasha lenyewe, na majirani wote wamealikwa, wa kanisani na wasio wa kanisani. Tunafanya Zaburi ya 150 yote, aya zake 6. Kijana anasoma aya, watoto wanajibu kwa ala iliyotajwa: baragumu, kinanda, matari, filimbi, matoazi. Aya ya mwisho, ya kila mwenye pumzi, hakuna ala yoyote. Sauti tupu. Halafu tunaingia wimbo wa kupokezana, makundi matatu, kila moja linaanza pale mwenzake alipomaliza mstari wa kwanza.

Shangazi: Sadaka ya alasiri inakwenda kwenye ule mteremko wa viti vya magurudumu mlangoni. Wazee wetu wawili wanabebwa mikononi kila Jumapili, waingie kwa heshima yao.

Baba Mapacha: Hilo nitalipeleka na ofisini kwetu.

Shangazi: Na ombi moja la mwisho. Video za watoto zibaki humu ndani. Siyo kila mzazi anapenda mwanae aonekane hadharani, na mchungaji ameshasema mwenye kutaka kurusha nje aombe ruhusa kwa kila mzazi.

Bibi: Sawa. Tumeelewa.

JUMAPILI

Mama Mkubwa: Asubuhi imekwenda vizuri. Sasa alasiri watu wamejaa hadi nje, viti vya ukumbini vimeletwa vyote.

Shangazi Mdogo: Namuona Baba mstari wa mbele! Kavaa koti la kwaya la zamani!

Bibi: Nilimwambia linambana. Hasikii.

Baba Mapacha: Wameingia. Jamani.

Baba Mapacha: Pacha wa kike kiatu kimefunguka, anatembea anakiburuta, hataki kuinama asikose mstari. Ndugu yake kamshika mkono wa gauni.

Mama Mkubwa: Kijana yuko kwenye maiki. Mikono imeshika karatasi kwa nguvu hadi inatetemeka. Niombeeni.

Mama Mkubwa: Aya ya kwanza amesoma vizuri.

Mama Mkubwa: Baragumu! Wale wavulana watatu wamepuliza kanisa likaruka.

Shangazi Mdogo: Imekatika huku!! Mtandao!! Nini kinaendelea?

Mama Mkubwa: Aya ya matoazi sauti imemkatika. Neno lenyewe "matoazi" limeruka juu likavunjika. Kimya. Nimefumba macho.

Mama Mkubwa: Amevuta pumzi. Amerudia aya yote tangu mwanzo, polepole, chini. Hakuna aliyecheka hata mmoja. Yule mzee wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwenye kwaya kubwa amesimama alipo, amempungia kichwa. Matoazi yamelia!

Baba Mkubwa: Mimi natoka nje kidogo.

Bibi: Rudi ndani uone mwanao.

Mama Mapacha: Wimbo wa kupokezana umeanza. Pacha wa kike yuko kundi la tatu. Ameweka mkono nyuma ya mgongo anahesabu kwa vidole zamu yake ifike. Moja... mbili... AMEINGIA SAWASAWA. Kundi zima limeingia kwa sababu yake!

Baba Mapacha: Wa kiume anafanya ishara, mdomo umefungwa, uso kama wa hakimu. Wale wawili nyuma yake wanamwangalia mikono na wanaimba bila kukosea.

Shangazi Mdogo: Nimerudi. Nawasikia. Mungu wangu, ile sauti ya chini ni nani?

Mama Mkubwa: Ndiye yeye. Zile nota zake tano.

Shangazi Mdogo: Nilidhani kuna mtu mzima amesimama nyuma yao.

Baba Mdogo: Sijagusa kitu kwenye mitambo. Nimeongeza mstari wake kidogo tu. Sauti za juu zinapita zenyewe hadi mlango wa nyuma, wala hawajikazi. Ufunguo ndio umefanya kazi.

Baba Mapacha: Wamekwenda mbio kidogo ubeti wa tatu, matari yanawakimbiza. Dada ameshusha mkono mmoja tu, matari yakanyamaza, wakapoa, wakarudi pamoja. Hapo ndipo nimejua kazi anayofanya huyu dada yetu kila Ijumaa.

Bibi: Amina. Amina. Amina 🙏

JUMAPILI USIKU

Shangazi: Wapendwa, ndiyo naketi. Watoto wote wamekabidhiwa kwa wazazi wao, ala zote zimerudi kabatini isipokuwa filimbi moja, mwenye nayo aseme. Asanteni kwa kuja mapema na kwa kukaa hadi mwisho. Watoto wanaona nani amekuja. Mdogo mmoja aliniuliza katikati ya wimbo, kwa sauti kabisa, "Babu yangu yupo?" Nikamwonyesha, akaendelea kuimba.

Mama Mapacha: Filimbi iko kwetu wifi, nitaileta. Na nikupe habari. Huyu wa kiume, tumefika nyumbani, nimemwingiza bafuni kuoga. Ameimba wimbo wote. Kundi la kwanza, la pili, la tatu, na mstari wa binamu yake wa chini kwa sauti nzito ya kuigiza. Nimesimama mlangoni sijapumua. Doh yenyewe ni F, baba yake amekwenda kupima kwenye kinanda.

Baba Mapacha: F kamili.

Shangazi: Msimwombe arudie mbele ya wageni. Muacheni aimbe bafuni hadi achague mwenyewe.

Mama Mapacha: Tumekusikia.

Mama Mkubwa: Kijana alipotoka, yule mzee wa sauti ya nne alimshika bega akamwambia nafasi iko wazi kwenye mstari wao, ila asiharakishe. Mwaka mmoja asikilize kwanza. Tangu hapo anatembea kifua mbele.

Shangazi: Mzee amesema vyema. Akiimba nota nzito mapema mno atajikaza. Abaki na zile tano, zikiongezeka zenyewe tutaandika nyingine.

Baba Mdogo: Mzee wa hazina amenipigia. Sadaka imetosha kuanza msingi wa mteremko, fundi anakuja kupima.

Bibi: Bwana asifiwe!

Shangazi: Sasa la wiki hii. Wazee wasiotoka nyumbani hawakusikia chochote leo. Jumamosi nataka niwapeleke watoto nyumba kwa nyumba, kikundi kidogo, bila mitambo. Vyumba ni vidogo, wataimba taratibu karibu na kitanda. Wimbo mmoja kila nyumba, wasimchoshe mgonjwa. Nahitaji wazazi wawili wa kuwasindikiza, na mtu wa kutoa sauti ya kuanzia, maana kinanda hakibebeki.

Mama Mapacha: Mimi nipo.

Baba Mkubwa: Na mimi.

Babu: Sauti ya kuanzia ninayo. Kile chuma changu cha uma, cha kupimia sauti. Kinatoa A, mitetemo 440 kwa sekunde. Na bahati nzuri, Doh ikiwa F, hiyo A ndiyo m yenu. Unagonga gotini, unaweka sikioni, unaimba m, r, d, watoto wameshapata pa kuanzia.

Shangazi: Baba, nani atakishika? Mimi mikono itakuwa kwa watoto.

Baba Mkubwa: Kijana kaninyang'anya simu, anaandika mwenyewe.

Baba Mkubwa: Shikamoo Babu, ni mimi. Naomba nikishike mimi. m r d naiweza, iko kwenye nota zangu. Nije kesho nikitoka shule unifundishe kukigonga?

Babu: Marahaba. Njoo. Nitakuwa nje nakusubiri.